Seva iko Frankfurt, mimi niko Amu (Lamu): mnatumia edita gani?

#1 Kijana_Mkomani

Assalaam alaykum. Natengeneza tovuti za nyumba za wageni hapa Mkomani na chache za Shela. Zote ziko kwenye seva moja ndogo ya kukodi, memori GB 1, ipo Frankfurt. Ndani kuna Nginx (inayotoa kurasa), PHP na MariaDB (hifadhidata). Kwenye laptopu natumia VS Code na ekstensheni ya Remote-SSH, inayofungua faili za seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), na intaneti yangu ni ya simu.

Ikikaa vizuri kazi inakwenda. Lakini haikai. Muunganisho unakatika, kinakuja kile kidirisha cha kuunganisha upya, nasubiri, mwisho nafunga kila kitu naanza tena. Juzi mwenye nyumba amesimama nyuma yangu, anataka bei za wakati wa Maulidi zibadilishwe kabla wageni hawajaanza kuweka nafasi, na kwenye skrini hakuna kinachotembea.

Nasema hivi: edita nzito zinazotaka kuishi pande mbili kwa wakati mmoja hazifai kwa laini zetu. Nataka kuhamia kitu chepesi. Vim? nano? Emacs? Au nirudi kwenye FileZilla nipandishe faili moja moja? Naomba majibu ya watu wanaoifanya kazi hii wakiwa huku pwani.

#2 Fundi_Majengo

Waalaykum salaam. Sababu hujaipata na tayari unahama. Shida yako ni hiyo GB 1.

Wengi hudhani VS Code inakaa kwenye laptopu tu. Ukiunganisha kwa Remote-SSH, sehemu yake nyingine inajisakinisha kwenye seva. Ingia kule uangalie, utakuta folda inaitwa .vscode-server. Hapo inaendeshwa Node (programu ya kuendeshea JavaScript), na ekstensheni nyingi ulizoweka zinafanya kazi zao kule kule. Microsoft wenyewe wameandika kwamba seva iwe na GB 1 kwa uchache, na wanapendekeza GB 2 na kori mbili. Wewe ndani ya hiyo GB 1 umepangisha na hifadhidata. Linux ikiishiwa memori huchagua programu ikaiua, na ikiwa imeiua ile Node wewe utaona muunganisho umekatika ilhali laini ni nzima.

Endesha dmesg (kumbukumbu za Linux yenyewe) utafute neno oom, yaani kuishiwa memori. Kisha free -h, inayoonyesha memori iliyobaki, utuwekee hapa.

#3 Binti_Barani

#2 anazungumza kana kwamba sote tuna faiba ukutani. Seva yangu ina GB 4, naifanyia kazi kutoka Malindi kwa modemu ya simu, na ilikuwa ikikatika vile vile.

Kwenye laini ya simu huna anwani ya IP yako peke yako. Mnatumia moja watu wengi, na mitambo ya kampuni inaweka orodha ya nani anazungumza na nani. Ukikaa kimya, mathalan unasoma kodi ya programu bila kugusa kitu, unafutwa kwenye orodha. Seva inajua uko, wewe unajua seva iko, na katikati hakuna njia tena. Utakuja kugundua pale utakapojaribu kusevu.

Fungua ~/.ssh/config, chini ya jina la seva yako weka ServerAliveInterval 30. SSH itatuma ujumbe mdogo kila nusu dakika hata kama hufanyi chochote. Kwangu hilo ndilo lililotuliza mambo, na edita sikubadilisha.

#4 Maalim_Langoni

Vijana, mnamjibu mambo ya laini na ameuliza edita.

Bill Joy aliandika vi mwaka 1976 akiwa Berkeley, na alikuwa akifanya kazi kwa modemu ya baudi 300. Fanyeni hesabu. Hiyo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ni herufi 1,920, kwa hivyo kuichora yote mara moja ni zaidi ya dakika nzima. Mtu aliyeandika edita katika hali ile hakuwa na ruhusa ya kupoteza hata herufi. Ndiyo maana dd inafuta mstari mzima, dw inafuta neno, na nukta peke yake inarudia ulilolifanya mwisho. Unabonyeza kidogo, kinachopita kwenye waya ni kidogo.

Yeo mna laini yenye kasi maelfu ya mara kuliko ile na bado mwalalamika. Jifunze vi. Iko karibu kwenye kila mashine ya Unix utakayoingia, huna haja ya kusakinisha kitu, na memori inayokula ni ndogo mno.

#5 Karisa_Gede

Maalim, uzi ulipofunguliwa tu nilijua utakuja na vi. Hukutuangusha.

Mimi nakuunga mkono kwa sababu nyingine. Vim ni ya kwetu Afrika Mashariki, ilitengenezwa Uganda mwaka 1976. Ifungue bila kuipa faili utaona imeandikwa habari za watoto maskini wa Uganda. Mtu wa pwani anayetumia kitu kingine aeleze uzalendo wake uko wapi.

#6 Dada_Mokowe

Karisa, umechanganya mbili. Ya 1976 ni vi, aliyotaja Maalim. Vim, yaani vi iliyoboreshwa, ilitoka mwaka 1991, mwandishi wake Bram Moolenaar, Mholanzi, na toleo la kwanza lilikuwa la kompyuta za Amiga. Uganda inaingia hivi: mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kituo cha watoto, akishughulikia maji na usafi. Baadaye akaanzisha ICCF Holland ya kuwasaidia watoto wale, na Vim akaiacha bure kwa ombi kwamba anayeipenda achangie huko. Andika :help iccf usome maneno yake mwenyewe. Alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 la Januari 2024 limetolewa kwa kumkumbuka. Mimi huyu mtu namheshimu sana.

Kwa #1: nafanya kazi Mokowe, nalala Amu. Jioni kwenye boti nafungua simu: Termux (terminali ya Android), ndani yake mosh (badala ya SSH), kisha tmux (inayoshikilia kazi yako) kule kwenye seva, kisha Vim. Kitufe cha kupunguza sauti ndicho Ctrl. Boti ikiacha gati simu inahama mnara, anwani inabadilika, na SSH ya kawaida inakufa hapo hapo. Mosh haifi. Inatumia UDP badala ya TCP, kwa hivyo laini ikirudi inaendelea palepale ulipoachia, hata ukizima data ukawasha tena ukiwa nyumbani. Na herufi unazoandika inakuonyesha mara moja bila kungoja seva izirudishe, zile ambazo hazijathibitishwa inazipigia mstari chini.

Uisakinishe pande zote mbili, na kwenye ukuta wa moto wa seva ufungue UDP 60000 hadi 61000.

#7 Shela_Kaskazi

Nyote mnajibu swali lililokosewa tangu mwanzo. Kwa nini faili za tovuti iliyo hewani zihaririwe kwenye seva? Huko ni kukalafati jahazi na abiria wamo na tanga liko juu. Umesahau nukta-mkato moja ndani ya PHP, umesevu, na mgeni aliye Milano anayetaka chumba anaona ukurasa mweupe.

Weka nakala nzima ya tovuti kwenye laptopu yako, na PHP na MariaDB humo humo. Andika bila intaneti kabisa. Stima ikipotea una betri. Ukiridhika, unaingiza kwenye git (inayotunza historia ya mabadiliko), unasukuma, na seva inavuta. Kinachopita kwenye laini ni mabadiliko peke yake. Asiyetaka git ana rsync, inalinganisha pande mbili na kupeleka vipande vilivyobadilika tu.

Ukifanya hivyo, edita yoyote inafaa. Hata hiyo VS Code itakuwa nyepesi kwako maana haina safari ya kwenda Frankfurt.

#8 Fundi_Majengo

Shela, kwa mradi mpya nakubali kila neno. Lakini jamaa ana tovuti za wateja zenye picha za miaka. Kushusha gigabaiti zote hizo kwa bando la simu si kazi ya siku moja.

Na kuna faili ambazo haziwezi kukaa kwenye laptopu yako. Mipangilio ya Nginx iko /etc, ukiigusa unaigusa kule kule. Hapo utahitaji edita ya terminali upende usipende. Tumia sudoedit, na kabla ya kuiambia Nginx isome upya endesha nginx -t. Nimeona tovuti nzima za watu zikianguka kwa mabano moja yaliyosahaulika.

#9 Shela_Kaskazi

Picha huna haja ya kuzishusha. Weka folda ya picha kwenye .gitignore (orodha ya visivyoingia kwenye git), chukua kodi na hifadhidata tu. Kodi ya tovuti ya nyumba ya wageni ni ndogo kuliko video moja ya harusi mnayotumiana.

#10 Watamu_Kusini

Samahani naingia kati. Mbona nano haitajwi kwa heshima yake? Mimi si mhandisi, nina biashara ndogo ya kutunza tovuti za watu wa mashua za kutazama pomboo. Nano inakuandikia amri zake chini ya skrini. Ctrl+O kusevu, Ctrl+W kutafuta, Ctrl+X kutoka, basi. Ukiifungua kwa nano -l unapata namba za mistari. Ina rangi za kodi pia, na Alt+U inarudisha nyuma ulichokosea.

Vim wanaisifu, lakini swali la namna ya kutoka ndani yake lilifikisha watazamaji milioni moja kule Stack Overflow mwaka 2017, hadi wenyewe wakaliandikia makala. Edita ambayo watu milioni wamekwama mlangoni si ya kumpa mtu aliye na mteja nyuma yake.

#11 Maalim_Langoni

Watamu, ni :q! halafu Enter. Sasa huna tena sababu.

#12 Watamu_Kusini

Maalim, ningeulizwa mlango uko wapi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, ningekataa mwaliko.

#13 Kijana_Mkomani

Shukran nyote. Nimeleta majibu.

dmesg: oom imo. Lakini iliyouawa ni mariadbd, si Node, na saa haziafikiani. Iliuawa alfajiri, wakati bekapu inaendeshwa. Saa nilizokatikiwa mimi, mchana, hakuna kilichoandikwa.

free -h: nikiwa nimeunganisha VS Code inabaki kama MB 70. Swapu (sehemu ya diski ya kusaidia memori) hakuna.

Ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ya Frankfurt: mchana inazunguka kwenye milisekunde 170. Jioni inaruka hadi 400 na pakiti nyingine hazirudi kabisa.

ServerAliveInterval 30 nimeiweka. Leo baada ya adhuhuri imekatika tena.

#14 Fundi_Majengo

MB 70! Jibu liko hapo. Usitafute maiti kwenye dmesg. Memori ikibanwa hivyo na swapu hakuna, Linux haiui mara moja. Kwanza inatupa nje vipande vya programu ilivyovisoma kutoka kwenye diski, kisha inavihitaji, inavisoma tena, inavitupa tena. Seva iko hai lakini inashughulika na hilo tu. Node inachelewa kujibu, upande wako unachoka kusubiri, unatangaza kifo. Hakuna kitakachoandikwa.

Una ekstensheni ya Intelephense? Inasoma kila faili ya PHP iliyo kwenye folda uliyofungua. Ukifungua folda ya WordPress nzima unaipa maelfu ya faili izipitie. Fungua folda ya thimu yako (faili za sura ya tovuti) peke yake uone tofauti.

#15 Binti_Barani

Na ping ya 400 jioni, pakiti zinazopotea, hiyo nayo ni memori ya Frankfurt? Ping inajibiwa na kiini cha Linux chenyewe, Node haihusiki. Jioni watu wote wako kwenye mnara mmoja wanatazama mpira. Huyu ana shida ya laini, Fundi, na wewe unamuuzia memori.

#16 Fundi_Majengo

Amekatikiwa baada ya adhuhuri, dada. Si jioni.

#17 Ngomeni_Juu

Milisekunde 170 zenyewe si za kulaumu mtu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka pwani yetu hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 60 na zaidi kabla mtambo wowote haujaigusa pakiti. Na kebo haziendi moja kwa moja, zinashuka Mombasa, zinafuata bahari. Hata uwe na laini ya maajabu, hutashuka chini ya hapo.

Ndiyo maana muhimu si jina la edita. Muhimu ni je, kila herufi unayobonyeza inasafiri? Ukiwa ndani ya SSH ya kawaida, nano au Vim, kila herufi inakwenda Ujerumani na kurudi ndipo uione. VS Code unaandika hapo ulipo, kinachosafiri ni kusevu na maswali ya ekstensheni. Kwa hivyo #1 akihamia Vim kwa SSH tupu, atapata ulegevu wa vidole ambao sasa hana. Maalim asikasirike.

Na kebo nazo hukatika. Mei 2024 zilipokatika za Bahari ya Shamu nchi nzima ilihema.

#18 Dada_Mokowe

Za Bahari ya Shamu zilikuwa mapema zaidi mwaka ule ule, Februari. Ya Mei ilikuwa EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Mengine yote uliyosema nayakubali, na ndiyo sababu nikataja mosh.

#19 Maalim_Langoni

Sikasiriki. Lakini Ngomeni anasahau kwamba anayejua vi haandiki akiangalia kila herufi. Naandika ci" (badilisha yaliyo ndani ya alama za nukuu) kisha maneno mapya, natazama baadaye. Kuchelewa kwa milisekunde 170 kunamuumiza anayesogeza kielekezi cha skrini kwa vitufe vya vishale. Nafanya hivi tangu enzi za modemu za kupiga simu, na mkono unazoea kutangulia jicho.

#20 Karisa_Gede

Ngomeni_Juu badala ya kutuhesabia kebo za Mombasa si mtuunganishe na setilaiti zenu? Jukwaa la Waitaliano la kurushia setilaiti liko mlangoni kwenu.

#21 Ngomeni_Juu

Lipo, na msilidharau. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, pale ndipo iliporushwa setilaiti ya Marekani ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na ikapewa jina la Uhuru kwa sababu ya siku ile. Babu yangu alikuwa akisimulia mwanga wake.

Kuhusu intaneti ya setilaiti, iko tofauti kubwa. Zile za zamani zinakaa juu kilomita 35,786, kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde, humo hata Maalim angeacha vi. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, ziko kama kilomita 550 tu. Jirani yangu anayo, anafanyia kazi seva za Ulaya na edita yoyote ile. Bei yake ya kuanzia ndiyo mjadala mwingine.

#22 Mambrui_Pwani

Nirudi kwenye FileZilla aliyoitaja #1, maana wateja wangu wengi ni wenye nyumba Waitaliano na wako kwenye hosti za pamoja, zile za cPanel. Huko SSH mara nyingi imefungwa, au ipo na kikomo cha michakato kiasi kwamba VS Code ya upande wa seva haisimami. Kinachobaki ni SFTP au FTP. Mjue FTP tupu inatuma nenosiri likiwa wazi, kwa hivyo kama hosti yako inaruhusu SFTP chagua hiyo.

Tabu niliyokutana nayo zaidi ni herufi. Kiitaliano kina è na à na ù. Mteja anafungua faili kwa edita yake, anasevu kwa usimbaji mwingine (namna herufi zinavyohifadhiwa), na ukurasa mzima wa "perché" unakuwa "perchÃ©". Nikaweka sheria: kila faili UTF-8 bila BOM. BOM ni baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili. PHP inazituma kwa kivinjari kabla ya kila kitu, kisha inalalamika kwamba vichwa vimeshatumwa, na kuingia kwa wateja kunavunjika. Utatafuta kosa kwenye kodi siku nzima na kodi haina kosa. Notepad ya Windows msiitumie kamwe, inaweka BOM na inaharibu miisho ya mistari.

#23 Dada_Mokowe

Mambrui, kuhusu Notepad hiyo ni habari ya zamani. Tangu mwishoni mwa 2018 inaelewa miisho ya mistari ya Linux, na tangu Windows 10 ya 2019 inasevu UTF-8 bila BOM yenyewe. Wenye Windows za zamani ndio bado wana tabu hiyo. Hata hivyo si edita ya kodi. Notepad++ ni nyepesi, iko tangu 2003, na usimbaji wa faili inakuonyesha pale chini kulia.

#24 Mambrui_Pwani

Sahihi kwa mashine mpya. Laptopu za wateja wangu huku nyingi si mpya.

#25 Mzee_Matondoni

Hamjambo. Kuna njia ambayo inakidhi hoja ya Fundi na ya Ngomeni kwa pamoja na hakuna aliyeitaja. Emacs na TRAMP. Unafungua faili kwa kuandika /ssh:jina@seva:/njia/ya/faili, inaletwa hadi kwenye laptopu yako, unaandika kwa kasi ya mashine yako, ukisevu inapelekwa. Kwenye seva hakuna kinachosakinishwa, inatumia shelli iliyopo tu. Memori ya seva yako inabaki yote kwa MariaDB. Laini ikikatika, ulichoandika kiko kwako, unasevu itakaporudi.

Ubaya wake nausema: kufungua faili kunachukua muda, maana inauliza seva mambo kadhaa moja baada ya jingine na kila swali ni safari nzima ya Frankfurt. Kwa hivyo fungua unachohitaji, usitembeetembee kwenye folda.

Hata Vim ina kitu hicho: vim scp://jina@seva//njia/ya/faili, mikwaju miwili kabla ya njia.

#26 Karisa_Gede

Emacs imeingia. Sasa uzi umekamilika, ugomvi wa vi na Emacs ni mkubwa kwangu kwa umri. Wazee, kaeni mbalimbali.

#27 Mzee_Matondoni

Mimi na Maalim tunakunywa kahawa pamoja Mkunguni. Hakuna ugomvi. Amekosea tu.

#28 Shela_Kaskazi

Kwa kuwa mmeng'ang'ania kuhariri kwenye seva, basi la usalama mlisikie. Vim inapofungua wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress, inaweka kando faili ya .wp-config.php.swp. Laini ikikatika ghafla faili hiyo inabaki. Edita nyingine zinaacha nakala yenye ~ mwishoni. Nginx ikiombwa faili ya jina hilo haiioni kuwa ni PHP, inaitoa kama maandishi, na nenosiri la hifadhidata limo. Kuna watu kazi yao ni kutembeza roboti zinazoomba majina hayo kwenye kila tovuti duniani.

Kwenye .vimrc elekeza faili hizo za .swp kwingine: set directory=~/.vim/swap// na folda hiyo uitengeneze kwanza. Na kwenye Nginx kataza faili zote zinazoanza na nukta au kuishia na ~, isipokuwa .well-known inayohitajika kwa vyeti.

Hili silizungumzii kwa kupita. Nyumba ya wageni inahifadhi majina, namba za simu na tarehe za watu. Aliyekabidhiwa tovuti amekabidhiwa na hayo.

#29 Watamu_Kusini

Hili la #28 lingepaswa kuwa juu kabisa. Shukran. Nano haiweki nakala ya ~ mpaka uiambie, nimeangalia.

#30 Dada_Mokowe

Na kwa wanaoanza Vim: ukibonyeza Ctrl+S kwa mazoea, kwenye Vim za zamani terminali inaganda. Wengi hudhani laini imekatika wakafunga dirisha. Bonyeza Ctrl+Q, inaachia. Hiyo ni tabia ya terminali tangu zamani, si ya Vim.

#31 Barua_Faza

Swali dogo. Seva yangu ni Ubuntu 18.04, na VS Code inakataa kuunganisha kabisa, si kukatika. Ni hayo hayo ya memori?

#32 Fundi_Majengo

Hapana, kwako ni jingine. Toleo la 1.86 la mwanzoni mwa 2024 lilianza kudai glibc (maktaba ya msingi ya Linux) 2.28, na Ubuntu 18.04 ina 2.27. Wenye CentOS 7 nao waliachwa, wana 2.17. Panda hadi Ubuntu mpya, 18.04 imeshapitwa kwa usalama pia.

#33 Kijana_Mkomani

Nimerudi. Nimeongeza swapu ya GB 1. Intelephense nimeitoa upande wa seva. Sasa nafungua folda ya thimu peke yake. Na kwa kuwa Binti_Barani alisisitiza laini, nimeazima kadi ya simu ya kampuni nyingine. Wiki hii VS Code haijakatika.

Vim nimeanza kujifunza kwa vimtutor, na mosh nimeiweka kwa dharura. Kuhusu git, Shela, nimehamisha tovuti moja, nyingine bado.

#34 Fundi_Majengo

Alhamdulillahi. MB 70 ilikuwa inasema wazi.

#35 Binti_Barani

Wazi kivipi? Amebadilisha kadi wiki hiyo hiyo!

#36 Ngomeni_Juu

Na hujui lipi limefanya kazi. Kijana, rudisha kadi yako ya zamani, mengine yote yaache yalivyo, ufanye kazi siku chache. Kisha utuletee ping ya mchana na ya jioni.

#37 Binti_Barani

Na saa ulizokatikiwa uziandike pembeni, pamoja na free -h ya saa hizo hizo. Swapu usiiguse kwa sasa, Fundi asije akasema tumemwonea.

#38 Fundi_Majengo

Swapu iguswe vile vile, lakini baadaye, peke yake. Na #31, ukishapanda Ubuntu angalia PHP yako ni toleo gani, thimu za zamani nyingi hazikubali PHP 8.